Sisimizi wa Jiwe la Kufulia

"Mama Virginie, sisimizi nabo banakuwaka na makabila?"

Jirani yangu Mama Jokébed aliniuliza vile siku moja ya Kwaresima, mwaka 2003, hapa Bulengera, mjini Butembo. Alikuwa amekuja kuomba kaa la moto, akanikuta nimekaa mlangoni penye mwanga, nimeinamia sahani nyeupe. Ndani ya sahani mlikuwa na sisimizi wafu, wadogo kuliko mbegu ya ulezi, nami nilikuwa nawatenga kwa ncha ya unyoya wa kuku: wa manjano huku, wenye kichwa cheusi kule.

"Banakuwa nayo," nikamujibu. "Ila habana carte ya utambulisho."

"Basi bamushukuru Mungu. Ku barrière bangepita bila kuulizwa kitu."

Akacheka, na miye nikacheka. Hatukucheka sana, kwa sababu katika avenue yetu hakuna nyumba ambayo haikuacha mtu ku barrière, kwenye kizuizi cha askari.

Akachuchumaa, akaangalia sahani. "Na hawa? Ni kabila moja ao mbili?"

"Prof Éliakim njo anajua," nikasema.

Nilisema uongo. Aliyejua ni miye peke yangu.

Bwana yangu, Siméon Syauswa, hakuwa mtu wa masomo makubwa. Alimaliza darasa la sita primaire kama miye, akalima kahawa yake kule Beni, mu commune ya Bungulu, tulikokuwa na parcelle, kiwanja chetu na nyumba. Lakini Mungu alimpa macho. Aliweza kukuonyesha kinyonga kwenye jani, nawe ukaendelea kuona jani tu. Kabla ya vita Éliakim, anayefundisha habari za wadudu katika shule kubwa ya hapa Butembo, alikuja Beni kutafuta mtu wa kumpeleka porini. Akampata Syauswa. Wakaenda siku tatu, wakarudi wanacheka kama watoto waliotoroka katekisimu, na tangu siku ile bwana yangu akawa mtu wa sisimizi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unapata nyumba ya sisimizi, chini ya jiwe ao mu muti uliooza. Unawatia wachache katika kichupa chenye alkoli. Kisha unaandika karatasi ndogo kama ukucha wa kidole gumba: mahali, tarehe, jina lako. Karatasi ile unaitia ndani ya kichupa pamoja nao. Unaiandika kwa krayo, yaani penseli, maana wino wa bic unayeyuka mu alkoli, lakini krayo inakaa hata miaka mia. Na kila nyumba ina kichupa chake. Hiyo ndiyo ilikuwa amri ya kwanza: wa nyumba moja wasichanganywe na wa nyumba nyingine.

Syauswa alikuwa na amri yake mwenyewe juu ya ile. Alisema: "Kitu macho haikuona, krayo isiandike." Siku moja alirudi kwa miguu mpaka Mavivi kwa sababu alikuwa amesahau kama gogo la sisimizi wake lilikuwa limelala ao limesimama. Nilimgombeza. Jua kali vile, kwa ajili ya kipande cha muti wa kuoza!

Akavua viatu, akaniambia pole pole: "Berthe, ule sisimizi hana mudomo. Kama minamusemea uongo, nani atamuteteya?"

Miye nilikuwa namsaidia nyumbani. Alinifundisha kukata karatasi pembe tatu, ndogo sana, kutia tone la gundi, na kumbandika sisimizi kwa tumbo, miguu ikianguka huku na huku. Pini moja inapita mu karatasi tatu, na wote watatu lazima wawe wa nyumba moja. Mikono yangu ilizoea kudarizi vitambaa vya altare, basi haikutetemeka.

Mwezi wa tatu mwaka 2001, nilimlalamikia kwamba jiwe langu la kufulia linayumba, maji yananimwagikia miguuni. Akaja na kipande cha tofali kulitegemeza. Aliponyanyua jiwe, akasahau tofali.

"Berthe, simama pale pale! Hapana mwanga maji!"

Nikasimama na besani ya nguo zilizoloana kichwani, shingo inaniuma, naye amelala kifudifudi mu matope ya sabuni. Chini ya jiwe walikuwa sisimizi wa manjano, manjano tupu kama unga wa muhindi, wanabeba mayai yao wakikimbia. Nilimwambia kwamba kama angekuwa anayatazama mashimo ya paa vile, hatungelowa. Akacheka tu. Akajaza kichupa, akaandika karatasi, akanipa nisome kabla ya kuitia ndani.

*Bungulu, chini ya jiwe ya kufulia ya Berthe. 9 mars 2001. S. Syauswa.*

Nje ya shule na carte, jina langu lilikuwa limeandikwa mara mbili tu duniani: siku ya ubatizo na siku ya ndoa. Nikamwambia, "Wazungu ba Prof Éliakim batasoma na batauliza Berthe ni nani."

"Batajua ni mwenye jiwe," akasema.

Mwezi uliofuata akaenda Kasugho, kule kwenye pori. Juma moja, alisema. Mfanyabiashara mmoja, Kasonia, aliyeleta maharagi kutoka kule, akanifikishia mfuko wenye vichupa vitatu na salamu. Katika kimoja walikuwa sisimizi ambao ungesema ni walewale wa jiwe langu, isipokuwa kichwa: kila mmoja alikuwa na kichwa cheusi kama kilichochovywa mu masizi. Niliwaangalia mmoja mmoja na kioo cha kukuzia. Hakukuwa na wa manjano hata mmoja. Karatasi ilisema: *Kasugho, mu muti wa kuoza, nyumba moja. 27 avril 2001. S. Syauswa.*

Ile ndiyo ilikuwa karatasi yake ya mwisho.

Watu walikimbia kutoka upande ule. Mama mmoja alisema alimwona kando ya njia, amezungukwa na wenye bunduki, wanamuuliza vichupa ni vya nini, naye anawaeleza kwa utulivu, ananyoosha kidole kuonyesha. Yule mama alipopita hakugeuka kutazama, na miye simlaumu. Baada ya pale hakuna aliyemwona. Mwezi wa nane tulikaa matanga bila maiti. Padri alisoma Misa mbele ya koti lake lililokunjwa juu ya kiti. Wengine wana kaburi la kung'olea majani Novemba, mwezi wa marehemu. Miye sina hata udongo.

Mwishoni mwa mwaka 2002, wakimbizi walipojaa Beni na mizinga ikasikika, nilimchukua binti yangu Virginie na sanduku la sisimizi, tukapanda kamioni ya kuja Butembo. Sufuria niliziacha. Virginie alilia kwa ajili ya sufuria. Nilimwambia sufuria zinauzwa ku soko, lakini vitu vya baba yako haviuzwi popote.

Ku barrière tukashushwa. Askari mmoja, kijana, macho mekundu, akaona sanduku.

"Fungula! Ni or?"

"Ni sisimizi, mwanangu."

"Unanicheka, mama?"

Akafungua kichupa, akanusa, akamimina chini. Akafungua kingine. Alikuwa anatafuta chembe za dhahabu kati ya miguu ya sisimizi. Vingine alivikanyaga. Alipochoka, akanirudishia sanduku kwa teke, dereva akaanza kupiga honi. Nilipiga magoti, nikatandika kitambaa changu cha kichwa, nikaokota kwa kidole kilichotiwa mate. Waliookoka walikuwa wa nyumba mbili tu: wa jiwe langu na wa Kasugho. Na kichupa kizima chenye alkoli kilikuwa kimoja, kile cha Kasugho, karatasi yake ingali ndani.

Nikawatia wote mle.

Nilisema moyoni: wa manjano ni wa manjano, wa kichwa cheusi ni wa kichwa cheusi, hata mtoto atawatenga. Karatasi ya Bungulu nilikuwa nayo mkononi, imeloa. Ningeweza kuitia pamoja nao, nafasi ilikuwepo. Sikuitia. Nikaifungia mu kitabu changu cha sala, kwenye litania ya Bikira Maria, kwa sababu jina langu lilikuwa pale kwa mkono wake, na nilitaka nilione kila asubuhi.

Hiyo ndiyo hesabu yangu mbele ya Mungu. Nusu ilikuwa haraka, nusu ilikuwa wizi.

Éliakim alitutafuta hapa Bulengera kabla ya Noeli. Alikuwa amekonda. Nyumba yake iliungua na daftari zake zote, miaka minane ya kazi. Alikuwa amebaki na suruali mbili na mikroskopi ya shule. Alilia kwa ajili ya Syauswa pale pale kwenye kizingiti, mwanaume mzima, bila kuficha uso. Nikampa kichupa. Nilitaka kumweleza mambo ya barrière, lakini alikuwa anakipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea Komunyo, nikaona nitamweleza kesho.

Kesho yake alikuja anakimbia, miwani upande.

"Mama Virginie! Bwana yako aliona kitu gani kule Kasugho? Nyumba moja! Aliandika nyumba moja!"

"Eeh, aliandika."

"Mu vitabu vyote," akasema, "kuna sisimizi wa manjano peke yake. Kuna mwingine mwenye kichwa nyeusi peke yake. Lakini mwenye kuzaa batoto ba rangi mbili mu nyumba moja, huyo hakuna. Ni mupya! Hakuna mutu aliyemuandika tangu dunia iumbwe!"

Nikafungua mdomo. Naye akasema: "Na mupya anapewaka jina. Nitamupa jina ya Syauswa. Kwa kilatini banaongeza herufi moja tu nyuma. Syauswai. Itabaki mu vitabu wakati sisi bote tumeoza."

Nikafunga mdomo.

Mwenye kusoma haya anihukumu, lakini ajue kwanza ni kitu gani nilipewa siku ile. Mtu wangu hakuwa na msalaba, hakuwa na jiwe, hakuwa na mahali. Sasa angekuwa na jina ambalo moto haungelifikia wala askari hangelikanyaga. Nililiandika kwa kidole kwenye unga wa muhogo, nikalifuta, nikaliandika tena. Nilimwambia Mama Jokébed, naye akapiga makofi: "Aye! Kwa hiyo bwana yako atakuwa sisimizi? Utakuwa unaogopa kufagia!" Lakini jioni aliniletea mboga za lengalenga, akaniambia katika kanisa lao wamemwombea.

Miezi mitatu tukafanya kazi, kichupa kikikaa kwangu. Kila Jumamosi Éliakim alikuja kuchukua niliowabandika. Alitaka pini moja ibebe wa manjano na wa kichwa cheusi pamoja, kwa kuonyesha ni ndugu. Alihesabu vipande vya pembe zao za kupapasia: sawa. Akapima vichwa: sawa. Lakini nywele za mgongoni zilimsumbua. Wa manjano alikuwa na nywele nne zilizosimama, mwenziwe sita.

"Si kitu," alisema siku moja, akijisemea mwenyewe. "Ni kama bandugu. Moja iko na ndevu, mwingine hapana." Akainua macho. "Ao unaona namna gani, Mama Virginie? Wewe una macho ya Syauswa."

"Miye ninabandika tu, Prof," nikajibu.

Usiku sikuwa nalala vizuri. Jumatano ya Majivu nilikwenda kuungama. Nilitaja hasira, nilitaja kuchoka na sala, nilitaja kwamba nilimtukana yule askari moyoni mara nyingi. Sisimizi sikuwataja. Padri alinipa malipizi madogo, nami nikatoka na majivu kwenye paji la uso, nikijua kwamba nimebeba kitu changu kama nilivyokuja nacho.

Ndipo Mama Jokébed akaja kuomba kaa la moto, akauliza swali lake. Ni kabila moja ao mbili? Aliuliza kwa mchezo. Lakini alipoondoka na kaa lake mu kigae, nilibaki naangalia sahani, nikaona kwa mara ya kwanza jinsi walivyokuwa wamekaa bila kujitetea, miguu imekunjwa. Sauti ya Syauswa ilinijia bila mimi kuiita. Ule sisimizi hana mudomo.

Jumamosi Éliakim akafika, amenyoa ndevu, amevaa koti la kuazima. Mkononi alikuwa na bahasha, na kwapani sanduku la wale niliowabandika.

"Nimemaliza," akasema. "Padri mumoja anapanda ndege ku Beni siku ya tatu. Atapeleka barua na sanduku mpaka Ulaya, kwa bale banaokubali majina." Alikaa, akapanua vidole kwenye meza kama mtu aliyefika mwisho wa mlima. "Unajua, Mama Virginie, miye nilifikiri vita imenimaliza. Miaka munane, mavumbi. Sasa bataona kama ku Kivu ya Kaskazini batu hawakukimbia tu. Bengine walikuwa banaangalia."

Nikamwekea chai. Hakuigusa.

"Inabaki kitu kimoja. Etiketi, ile karatasi ya Kasugho, imechubuka kwa kuitoa-toa. Andika ingine yenye kusomeka, iende ku pini. Wewe njo una mwandiko muzuri." Akanisogezea karatasi ndogo na krayo. "Andika: Kasugho, mu muti wa kuoza, manjano na kichwa nyeusi nyumba moja. Halafu jina yake."

Nikashika krayo. Nikaandika *Kasugho*. Nikaandika *mu muti wa kuoza*. Mkono ukasimama.

"Ni nini?" akauliza.

"Prof, krayo inakataa."

"Imevunjika? Niko na ingine."

"Haikuvunjika."

Nikainuka, nikaenda chumbani, nikaleta kitabu cha sala. Nilikifungua kwenye litania. Karatasi ilikuwa imekauka, imejikunja kidogo, na mahali pa jina langu krayo ilikuwa imeanza kufifia, kwa sababu ya kidole changu cha kila asubuhi. Nikaiweka mbele yake.

Akaisoma. Akavua miwani, akaifuta kwa koti la watu, akasoma tena.

"Kichupa ya hii iko wapi?"

"Ilikufa ku barrière."

"Na sisimizi bake?"

Nikaonyesha kwa kidevu kile kichupa kwenye meza. "Bale ba manjano. Niliwaona kwa macho yangu, Prof, chini ya jiwe yangu, ku Bungulu. Bote manjano. Na bale ba Kasugho bote walikuwa kichwa nyeusi. Ni miye niliwachanganya, alkoli ilibaki mu kichupa kimoja. Nilifikiri rangi itawatenga."

"Tangu Noeli," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tangu Noeli ulijua."

"Nilijua."

"Juu ya nini haukusema?"

"Ulisema utamupa jina yake."

Aliniangalia muda mrefu. Sikuinamisha macho, niliona nina deni hilo kwake, anitazame vizuri. Nje Virginie alikuwa anatwanga, mchi ukipanda na kushuka, na kila ukishuka chai mu kikombe ilitetemeka.

"Na kama haungesema," akasema mwishoni, "hakuna mutu angejua. Hakuna hata moja, Mama Virginie."

"Syauswa hangeandika."

Basi nikafanya kazi niliyofundishwa. Nikafungua kichupa, nikawamimina kwenye sahani nyeupe, nikachukua unyoya. Wa manjano nikawaleta upande wangu, wenye kichwa cheusi nikawapeleka upande wake. Wale tuliokuwa tumewabandika pamoja niliwaondoa kwa maji ya moto, mmoja mmoja, gundi ikalegea. Mmoja alivunjika mguu, nikauokota mguu nikauweka karibu naye. Wa Kasugho wakarudi mu kichupa chao na karatasi yao, ile ya mwisho. Wa Bungulu nikawatafutia kichupa kingine, safi, nikatia alkoli.

Ikabaki karatasi ya jiwe. Niliisoma mara moja tena, mpaka jina la Berthe. Mu kitabu changu ingekwisha kwa vidole vyangu. Mu alkoli ingekaa miaka mia, lakini singeigusa tena. Nikaikunja kidogo, nikaisukuma ndani kwa ncha ya unyoya. Ikazama pole pole, ikalala kati yao, maandishi yakitazama nje.

Nikafunga kizibo, nikaviweka vichupa viwili mbele ya Éliakim, kimoja mbali na kingine.

Akaviangalia. Akachukua bahasha yake, akaitia ndani ya koti, ingawa barua bila sisimizi haingempa mtu jina. Sanduku akaliacha juu ya meza, na pini zake, na kioo chake cha kukuzia, na chai iliyopoa. Akainama mlangoni kwa sababu ya urefu wake, akatoka.